Wasomaji Wanauliza: Ndafu, Pweza na Mfungo Mkavu

Barua tulizozichagua safari hii zimetoka pande mbalimbali za Dar es Salaam, na zote zinahusu sheria za chakula na mifungo katika Ukristo na katika dini ya Kiyahudi. Baadhi tumezijibu kwa kirefu kwa sababu zinagusa undugu wa watu au uhai wa mtu. Nyingine zimetosheka na maneno machache. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Swali. Mimi ni mama wa Kimara, Mkatoliki, mzaliwa wa Rombo. Mwanangu amepata mchumba, binti wa Kipare kutoka Same, na kwao ni Wasabato. Wazazi wake watakuja kwetu mwezi ujao ili tujuane. Nilikuwa nimepanga ndafu, kisusio, pilau ya kamba kutoka Feri, na mbege kidogo kwa ajili ya wazee. Shemeji yangu ananiambia kwamba Wasabato wanakula kama Wayahudi na kwamba ndafu hawataigusa. Nisaidieni nisije nikaaibika mbele ya wakwe.

Jibu. Mama yetu, shikamoo, na hongera kwa kupata mkwe. Ndafu usiiondoe. Vitakavyokuletea taabu ni kisusio, kamba na mbege, na kila kimoja kina sababu yake.

Wasabato wanafuata mgawanyo wa wanyama safi na najisi uliomo katika Mambo ya Walawi sura ya 11 na Kumbukumbu la Torati sura ya 14. Mnyama wa nchi kavu anaruhusiwa akiwa na mambo mawili kwa pamoja: kwato zilizopasuka kati na tabia ya kucheua. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wanayo yote mawili. Nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui. Ngamia na sungura wametajwa kuwa wanacheua lakini hawana kwato za namna hiyo, kwa hiyo nao wamekatazwa. Mbuzi wako basi ni halali kwa wageni wako, mradi achinjwe na damu yake imwagike yote, kwa maana damu imekatazwa tangu Mwanzo sura ya 9, ikakatazwa tena katika Torati, na hata mitume walipokutana Yerusalemu, kama inavyosomeka katika Matendo sura ya 15, waliwaagiza Wakristo wa mataifa wajiepushe nayo. Hapo ndipo kisusio kinapokwama, kwa kuwa damu ya mbuzi ndiyo inayokifanya kiwe kisusio. Wapikie wageni supu ya kawaida ya utumbo na kichwa, na kisusio wabakizie wa kwenu siku nyingine.

Kuhusu vitoweo vya baharini, kanuni ni mapezi na magamba. Ukienda Feri asubuhi ukakuta mchuuzi amepanga changu, kibua na jodari upande mmoja wa meza, na upande wa pili pweza aliyekwisha pondwapondwa, ngisi, kamba, kaa na taa, basi upande wa kwanza wote unafaa na upande wa pili wote haufai. Papa hafai pia. Samaki wa maziwani hupimwa vivyo hivyo: sato na sangara wanafaa, kambale hafai. Ukiwa na shaka, pitisha ukucha kuanzia mkiani kuelekea kichwani. Magamba yanayokubalika kwa Wayahudi ni yale yanayobanduka bila kuichana ngozi, ilhali ukucha huteleza tu juu ya kambale bila kukuta kitu. Kwa hiyo badilisha pilau ya kamba iwe pilau ya nyama ya ng'ombe, au ipike nyeupe na uweke changu wa kukaanga pembeni.

Mbege iache kabisa, kwa sababu Wasabato hawanywi pombe. Wengi wao hujiepusha pia na kahawa na majani ya chai yenye kafeini. Chai ya mchaichai au maziwa yenye tangawizi itamfaa kila mtu. Sufuria ambazo huwa unapikia kitimoto ziweke kando siku hiyo, hata kama zimesuguliwa vizuri. Hilo ni jambo la heshima zaidi kuliko la sheria. Na ikiwa wanakuja Jumamosi, kumbuka kwamba Sabato yao huanza jua linapotua siku ya Ijumaa na kumalizika jua linapotua Jumamosi, hivyo chakula kiwe kimekwisha kupikwa mapema na siku yenyewe kipashwe moto tu.

Sasa, shemeji yako amekosea wapi? Myahudi anayeishika sheria yake kikamilifu hangekula ndafu yako, ingawa mbuzi ni mnyama safi. Kwake, mnyama lazima achinjwe na Myahudi aliyefunzwa kazi hiyo, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo na kwa mkato usiokatizwa. Mapafu yachunguzwe kama yana kasoro. Na nyama iloweshwe maji kama nusu saa, ikae katika chumvi saa moja ili damu iliyobaki itoke, kisha isuuzwe. Mshipa wa paja nao huondolewa, kwa kumbukumbu ya Yakobo aliyeguswa uvungu wa paja aliposhindana mweleka usiku kucha (Mwanzo sura ya 32). Zaidi ya hayo, Torati inakataza mara tatu kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na walimu wa Kiyahudi wameifanya amri hiyo kuwa uzio mpana: nyama na maziwa havipikwi pamoja, havikai kwenye mlo mmoja, vina vyombo tofauti, na wengi wao husubiri kwa muda unaofikia saa sita baada ya kula nyama ndipo waguse maziwa. Mtori wa nyama uliotiwa siagi au maziwa ungewashinda. Wasabato hawana uzio huo, na mkwe wako atakula mtori wako kwa furaha.

Wasabato walijiunda rasmi kuwa kanisa nchini Marekani mwaka 1863, na wamisionari wao walifika Upare mwaka 1903. Kwa hiyo wakwe zako huenda ni kizazi cha tatu au cha nne katika desturi hii, wala si watu walioianza juzi. Hoja yao ni kwamba Nuhu alitenganisha wanyama safi na wasio safi kabla Israeli haijakuwapo, na kwamba maono ya Petro kule Yafa katika Matendo sura ya 10 yalihusu watu wa mataifa, wala hayakuhusu nyama. Makanisa mengine, likiwemo lako, husoma Marko 7:19 na Warumi 14 na kuhitimisha kwamba vyakula vyote vimetakaswa. Msiulete mjadala huo mezani. Ningeomba pia msiseme, kama inavyozoeleka hapa mjini, kwamba nguruwe amekatazwa kwa sababu ya minyoo. Walawi 11:44 inataja utakatifu: watu wajitakase kwa kuwa Mungu wao ni mtakatifu. Minyoo haitajwi, na aliyeipokea sheria hiyo kama ibada huumia anapoona inageuzwa kuwa somo la afya.

Kwa wasomaji wetu wa Bukoba wanaoishi hapa mjini, ambao bila shaka wamekwisha kuuliza moyoni: sura hiyohiyo inawaruhusu nzige na panzi wenye miguu ya kurukia, na senene ni jamaa yao. Hata hivyo, Wayahudi wengi leo hawali panzi yeyote, kwa kuwa maarifa ya kuwatambua walioruhusiwa yamepotea katika jamii nyingi. Wayahudi wa Yemen ndio walioyahifadhi.

Jambo la mwisho, mama: mpigie simu mama wa binti. Mwambie ulichopanga na umuulize wanachopendelea, kwa kuwa wako Wasabato wasiokula nyama kabisa. Atafurahi kwamba umeuliza.

Swali. Mimi ni Mlutheri ninayeishi Sinza. Nyumbani mke wangu Mkatoliki haruhusu nyama Ijumaa za Kwaresima lakini samaki anapika. Kazini nina rafiki kutoka Ethiopia ambaye wakati huo hali hata yai, na hali kitu chochote mpaka alasiri. Kanisani kwetu sijasikia amri ya namna hiyo. Sote tunamfuata Kristo mmoja. Mbona tunafunga kwa namna tatu?

Jibu. Ndugu yetu, zamani mlikuwa karibu zaidi kuliko sasa. Wakristo wa mwanzo walichukua desturi ya kufunga kutoka kwa Wayahudi na kubadilisha siku: Farisayo wa Luka 18 anajisifu kwamba anafunga mara mbili kwa juma, siku ambazo zilikuwa Jumatatu na Alhamisi, na andiko la kale la Kikristo liitwalo Didake likawaagiza waamini wafunge Jumatano na Ijumaa. Rafiki yako Mwethiopia bado anashika siku hizo hizo mbili mwaka mzima, isipokuwa katika siku 50 zinazofuata Pasaka.

Mfungo wake mkuu unachukua siku 55. Ndani yake hakuna nyama, maziwa, siagi wala mayai, na wengi hawali hata samaki. Mlo wa kwanza husubiri hadi alasiri. Ukijumlisha mifungo yote ya Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, ukiwemo ule wa mwezi Agosti kabla ya sikukuu ya kupalizwa kwa Maria, unapata zaidi ya nusu ya mwaka kwa mapadri na watawa, na kwa walei wengi hazipungui sana. Ndiyo maana mapishi ya kwao yana utajiri mkubwa wa dengu, kunde na mboga juu ya injera, mkate wao bapa. Mwombe siku moja akualike. Utaona kwamba mtu anaweza kufunga kwa miezi na bado akawa na meza ya kukaribisha wageni. Kanisa hilo pia linakataza nguruwe, kwa hiyo katika jambo hilo rafiki yako amesimama karibu na Wasabato kuliko mnavyodhani.

Waorthodoksi wa Kigiriki, ambao wana kanisa lao hapa mjini na ambao wazee wao wengi walikuja zama za mashamba ya mkonge na kahawa, wana kanuni inayowashangaza wengi. Katika Kwaresima yao samaki mwenye uti wa mgongo hukatazwa, isipokuwa siku ya Kupashwa Habari Maria, tarehe 25 Machi, na Jumapili ya Matawi. Lakini pweza, ngisi, kamba na chaza wanaruhusiwa, kwa kuwa wanahesabiwa kuwa ni viumbe wasio na damu. Rudi sasa kwenye ile meza ya Feri tuliyomwonyesha mama wa Kimara. Ukimtoa taa, ambaye ni samaki, upande ambao Myahudi na Msabato wanaukwepa ndio ambao Mgiriki aliyefunga ataununua, na upande wanaouchagua wao yeye ataupita. Nimeisimulia meza hiyo mara nyingi kwa vijana wanaobishana kuhusu nani anafunga kweli, na sijaona kitu kingine kinachowatuliza haraka namna hiyo: kila mmoja ananyenyekea mbele ya Mungu yuleyule, kwa kanuni aliyoipokea kwa waliomtangulia.

Mke wako yuko katika mapokeo ya Magharibi. Zamani Wakatoliki nao walijinyima mayai na maziwa katika Kwaresima. Masharti yalilegezwa kidogo kidogo, na mwaka 1966 Papa Paulo VI akatoa utaratibu ambao ndio msingi wa ule uliopo: kufunga kunakodaiwa na sheria ni siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, ambapo mtu hula mlo kamili mmoja na vitu vidogo mara mbili bila kufikia mlo wa pili. Kujinyima nyama ni jambo jingine, nalo ni la kila Ijumaa, ingawa Baraza la Maaskofu la kila nchi limepewa uwezo wa kuweka toba nyingine mahali pake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataja umri: kujinyima nyama huanza kwa mtu aliyetimiza miaka 14, na kufunga ni kuanzia miaka 18 hadi anapotimiza miaka 59. Nyama inayokatazwa ni ya wanyama na ndege. Samaki hawamo, ndiyo sababu unapikiwa samaki. Na kama umewahi kuhesabu ukakuta kwamba kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu kuna siku 46, elewa kwamba Jumapili sita hazihesabiwi.

Kwenu Walutheri na kwa Waprotestanti wengine mambo yalibadilika katika karne ya 16. Mwaka 1522, mjini Zurich, watu kadhaa walikula soseji wakati wa Kwaresima nyumbani kwa mchapaji Christoph Froschauer. Kasisi Huldrych Zwingli alikuwapo, na ingawa yeye hakula, aliwatetea hadharani kwa hoja kwamba Maandiko hayakuliweka katazo hilo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ndilo lenu, lilizungumza kwa utulivu zaidi: halikupinga kufunga, lilipinga kufundisha kwamba kwa kufunga mtu anastahili neema. Tena ukifungua Katekisimo Ndogo ya Luther uliyojifunza kwenye kipaimara, utakuta imesema kwamba kufunga na kujiandaa kimwili kabla ya Meza ya Bwana ni mazoezi mazuri. Hakuna amri, lakini hakuna pia anayekuzuia. Kwa maoni yangu, Ijumaa kula samaki pamoja na mkeo bila kulalamika.

Swali. Kwenye paketi za biskuti na vyakula vya kopo kutoka nje, huwa ninaona alama ya herufi U ndani ya duara. Jirani yangu Mwislamu wa Mikocheni aliniuliza kama maana yake ni halali. Ni nini hasa?

Jibu. Ni alama ya Orthodox Union, taasisi ya Wayahudi yenye makao yake New York, inayothibitisha kwamba bidhaa imetengenezwa kwa kufuata sheria za chakula za Kiyahudi. Ikifuatiwa na herufi D, ndani yake mna maziwa, au imepitia mashine zinazotumika kwa vyakula vya maziwa, hivyo haitaliwa pamoja na nyama. Wakaguzi huingia hadi kwenye viungo ambavyo mnunuzi havioni: mwaka 1935 Rabi Tobias Geffen wa Atlanta aliipa Coca-Cola kibali baada ya kampuni kukubali kuacha gliserini ya mafuta ya wanyama na kutumia ya mimea. Mwambie jirani yako kwamba alama hiyo inamhakikishia kutokuwapo kwa nguruwe, lakini haimhakikishii kutokuwapo kwa kilevi, kwa sababu divai inaruhusiwa kwa Wayahudi. Atafute alama ya halali yenyewe.

Swali. Nikinywa maji njiani kwenda Misa ya asubuhi, je, ninaweza kupokea Komunyo? Bibi yangu amenikemea.

Jibu. Unaweza. Maji na dawa havivunji mfungo wa Ekaristi. Chakula na vinywaji vingine viachwe kwa saa moja kabla ya kupokea, na wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi na saa hiyo. Bibi yako aliyekukemea anakumbuka utaratibu wa zamani wa kufunga tangu saa sita usiku. Maji yaliruhusiwa mwaka 1953, muda ukawa saa tatu mwaka 1957, na ukawa saa moja mwaka 1964.

Swali. Baba yangu ana kisukari na anachoma sindano ya insulini kila siku. Tunaishi Mbagala. Kwenye kanisa analosali ametangaziwa mfungo mkavu wa siku 21, bila chakula wala maji mchana kutwa, na ameambiwa kwamba dawa ni dalili ya imani haba. Anataka kuanza Jumatatu. Anasema hata Wayahudi, watu wa Biblia, hawasamehi mtu katika mfungo wao. Nitamwambia nini?

Jibu. Mwanangu, jambo hili ni la haraka, kwa hiyo naanza na mwili. Mtu anayetumia insulini akiichoma bila kula, sukari yake inaweza kushuka hadi akatetemeka, akatoka jasho jingi, akachanganyikiwa na kuzimia. Akiiacha insulini yenyewe, sukari hupanda, asidi hujaa katika damu, na kukosa maji huharakisha hali hiyo. Watu hufa kwa njia zote mbili. Asianze kabla hajaonana na daktari wake.

Kuhusu Wayahudi, baba ameambiwa kisicho kweli. Mfungo wao mkubwa ni Siku ya Upatanisho, ulioamriwa katika Walawi 16 na 23. Unaanza kabla ya jua kutua na kwisha usiku wa kesho yake, kama saa 25, bila chakula wala tone la maji, bila kuoga, bila kujipaka mafuta na bila viatu vya ngozi, na watu hushinda katika sinagogi, ambako alasiri husomwa kitabu cha Yona. Ni siku ambayo hata barabara za Israeli huwa tupu. Pamoja na uzito wake wote, Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika karibu mwaka 200, inasema kwamba mgonjwa alishwe siku hiyo kwa neno la wataalamu, na kama hakuna wataalamu, alishwe kwa neno lake mwenyewe mpaka aseme imetosha. Kwao kuokoa uhai kunaitangulia karibu kila amri, na mgonjwa aliye hatarini akifunga anahesabiwa kuwa amekosa. Husimuliwa kwamba kipindupindu kilipoingia katika mji wa Vilna mwaka 1848, Rabi Israel Salanter aliwaagiza watu wale siku hiyo ili wasidhoofike.

Baba akitaja Danieli, fungua naye Danieli 10:3. Majuma matatu ya Danieli yalikuwa ya kuacha chakula kitamu, nyama na divai. Hakuna palipoandikwa kwamba aliacha maji. Akitaja Esta, siku zilikuwa tatu. Akitaja Musa aliyekaa siku 40 bila mkate wala maji, msome pamoja Kutoka 34:28, inayosema kwamba alikuwa mlimani pamoja na Bwana. Hapo hakuna agizo kwamba watu wengine wafanye hivyo. Kisha msomee Isaya 58, ambako Mungu anaueleza mfungo anaouchagua: kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula, kumvika aliye uchi. Hilo baba anaweza kulifanya siku zote 21 huku akila na kuchoma sindano yake kwa wakati.

Usibishane naye mbele ya watu, wala usimkashifu mchungaji wake, kwa sababu atajiona amelazimishwa kuchagua kati yako na imani yake. Mtafute mzee wa kanisa anayemheshimu na umweleze hali ilivyo. Kesho asubuhi nenda naye kliniki anakohudhuria, mchukue daftari lake la vipimo na dawa zake zote, na umwombe daktari amweleze baba mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, kitakachotokea akiacha kula au akiacha insulini. Nyumbani weka sukari au juisi mahali panapofikika, na ukimwona anatetemeka au anaongea maneno yasiyoeleweka, mpe mara moja ikiwa bado anaweza kumeza, kisha mpeleke hospitali.